Aida mpya ya Met ya New York, ile ya zamani, au zile za London na Paris: uanze na ipi?

Juzi usiku binamu yangu kanitumia meseji, "kaka, wikendi hii sina shifti, nataka niiangalie hiyo Aida unayoisema kila siku, ila nikitafuta naona ziko nyingi, moja ina farasi na mafirauni, nyingine ina makombora na majeneza, nyingine kuna vikaragosi, hivi ni opera moja kweli?" Ndiyo, ni moja. Nota zile zile za Verdi, mtunzi Mwitaliano wa karne ya 19, maneno yale yale ya Kiitaliano, kinachobadilika ni mwongozaji na jukwaa alilolijenga na maleba aliyowavalisha waimbaji. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika kumi na mbili, nikaifuta, nikaona bora niandike, maana najua wenye swali hilo ni wengi.

Nitoe msimamo wangu mapema. Wengi wanachagua Aida kwa yale maandamano ya ushindi ya tendo la pili, yale ya matarumbeta, kwa sababu ndo kipande kinachojulikana, hadi mashabiki wa mpira Ulaya wanakiimba viwanjani. Mi nasema ichague kwa kaburi, ile sehemu ya mwisho. Maandamano ni kama dakika kumi na kitu tu, yaliyobaki karibu yote ni watu watatu wanne waliobanana chumbani, wanavutana, wanadanganyana, wanaombana msamaha. Mwongozaji akikosea hapo hata alete farasi mia hatakuokoa.

Hadithi yenyewe kwa haraka kwa asiyeijua. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, katekwa, yuko Memphis anamtumikia Amneris, binti wa Firauni, na hakuna anayejua yeye ni nani hasa. Wote wawili wanampenda Radamès, kapteni wa jeshi, na Radamès moyo wake uko kwa Aida. Radamès anapewa jeshi akapigane na Wahabeshi, anashinda, anarudi na mateka, kati yao yumo Amonasro, baba yake Aida, kajifanya askari wa kawaida. Firauni anamzawadia Radamès binti yake awe mke. Usiku kando ya mto Nile baba anambana mwanae amchimbe Radamès aseme jeshi la Misri litapita njia gani, Radamès anaropoka, anajisalimisha mwenyewe, makuhani wanamhukumu azikwe hai, na kule gizani kwenye shimo anamkuta Aida kashatangulia kuingia kimyakimya ili wafe pamoja. Basi.

Sasa kabla ya kulinganisha matoleo lazima nikupe asili yake, kwa sababu bila asili hutaelewa kwanini hawa waongozaji wa siku hizi hawataki tena kuweka mapiramidi tu wakalala.

Utasikia kila mahali kwamba Aida iliandikwa kwa ajili ya ufunguzi wa Mfereji wa Suez. Si kweli. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869, na mwezi huo huo jumba la opera la Cairo lilikuwa limeshafunguliwa kwa Rigoletto, ya Verdi pia lakini ya zamani. Verdi aliombwa atunge wimbo wa sherehe akakataa. Aida ilikuja baadaye, 1870, pale rasimu ya hadithi ilipomfikia kupitia Camille du Locle wa Paris, na rasimu hiyo aliiandika Auguste Mariette, Mfaransa, mwanaakiolojia aliyekuwa mkuu wa mambo ya kale ya Misri, mwanzilishi wa makumbusho ya Bulaq pale Cairo. Shika hilo, aliyebuni hadithi alikuwa mtu wa kufukua makaburi, litatufaa mbele. Maneno ya Kiitaliano akayaandika Antonio Ghislanzoni, Verdi mwenyewe akimkalia shingoni mstari kwa mstari. Malipo yalikuwa faranga 150,000, hela nyingi mno kwa wakati ule, na aliyezitoa ni Khedive Ismail, mtawala wa Misri.

Ilikuwa ioneshwe Januari 1871 ikashindikana, maana mandhari na maleba vilikuwa vinatengenezwa Paris, vita vya Ufaransa na Prussia vikapamba moto, Paris ikazingirwa, Mariette na mizigo yake wakakwama humo humo. Ikaja kuchezwa Cairo tarehe 24 Desemba 1871, Verdi mwenyewe hakwenda. Aliyoihangaikia yeye ni ile ya jumba la opera la La Scala, Milano, Februari 8, 1872. Lile jumba la Cairo lilikuwa la mbao, likateketea lote Oktoba 1971, na pale lilipokuwa leo kuna jengo la ghorofa la kuegesha magari, mi kila nikikumbuka naumia.

Sasa mwangalie huyu Ismail aliyelipa. Alitaka Misri iwe dola kubwa inayoshuka mpaka chini huku kwetu. Mwaka 1875 jeshi lake likaingia Uhabeshi, likapigwa na Mfalme Yohannes wa Nne pale Gundet, likarudi tena likapigwa vibaya zaidi Gura, Machi 1876. Yaani jukwaani Misri inashinda na matarumbeta yanalia, miaka minne baadaye uwanjani kweli Uhabeshi ndo ulioshinda. Na mwaka huo huo wa 1875 meli za Ismail zikateremka pwani zikaiteka Barawa na Kismayu, ambazo wakati ule zilikuwa chini ya Seyyid Barghash wa Zanzibar, hadi Waingereza walipombana ndo akawaondoa askari wake. Kwa hiyo kwa mtu wa mwambao hii si opera ya mbali kama unavyodhani. Yule aliyeagiza wimbo wa "utukufu kwa Misri" ndiye yule yule aliyewatuma askari Kismayu. Madeni yakamzidi, akauza hisa zake za Suez kwa Waingereza, 1879 akaondolewa, 1882 Waingereza wakaingia Misri wenyewe.

Haya, matoleo sasa.

La kwanza ni lile la zamani la Metropolitan Opera, New York, la Sonja Frisell, jukwaa kalijenga Gianni Quaranta. Lilianza Desemba 1988 likadumu mpaka 2023, miaka thelathini na mitano. Hii ndo Aida iliyoko kichwani mwa watu hata kama hawajaiona: nguzo za mawe zinazopotelea juu, sanamu kubwa kuliko nyumba, dhahabu, vumbi, kwaya imejaa kila ngazi, farasi wa kweli wanapita jukwaani. Wengine wanaidharau siku hizi wanasema ni makumbusho inayotembea. Mi siidharau hata kidogo. Kwa mtu wa mara ya kwanza ina fadhila moja kubwa, hutajiuliza uko wapi. Kuhani anaonekana kuhani, mtumwa anaonekana mtumwa, ukikosa kusoma maandishi ya chini kwa dakika tano bado unajua nani anamwonea nani. Na ina lile jukwaa la lifti. Verdi na Ghislanzoni waliandika wazi kwamba tendo la mwisho jukwaa ligawanyike mara mbili, juu hekalu linang'aa, chini shimo la giza, na Met wana mitambo ya kuliinua jukwaa zima, basi hekalu linapanda taratibu na chini yake linajitokeza kaburi na Radamès ndani yake. Juu makuhani wanaimba, chini watu wawili wanakosa hewa. Inafanya kile kile mtunzi alichotaka na huhitaji mtu akufafanulie.

Udhaifu wake upo, nausema. Jukwaa ni kubwa kiasi kwamba waimbaji wengi wanasimama tu mbele wanaimba kuelekea kwenu, mapenzi yao unayasikia kwenye sauti, mwilini huyaoni. Na ile Misri ni ya ndoto, Misri ya Mzungu wa karne ya 19, Wahabeshi wanaingia wamefungwa kamba wanapita wanatoka, hakuna anayekuuliza unajisikiaje.

La pili ndo jipya, la Michael Mayer, hapo hapo Met, lilifunguliwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2024, Aida mpya ya kwanza pale tangu ile ya 1988. Wazo lake: mwanzoni kabisa, vile violini vya utangulizi vinapoanza kwa sauti ndogo kama mtu anayepumua usingizini, mtafiti wa mwanzoni mwa karne ya 20 anateremka kwa kamba ndani ya kaburi, ana taa yake, anamulika kuta, na kuta zinaanza kupata rangi, michoro inaamka, hadithi inatokea hapo. Jukwaa la Christine Jones, maleba ya Susan Hilferty, na picha za mwanga zilizorushwa ukutani na kampuni ya 59 Productions, zinapaka nguzo rangi mbele ya macho yako. Kwa uzuri wa macho hapa hakuna ubishi, inapendeza.

Mara nyingi wale wanaakiolojia wapo tu pembeni, wanatazama, wanachora, wanapotea. Ila kwenye maandamano ya ushindi wanafanya jambo moja kubwa: matarumbeta yanalia, kwaya inaimba utukufu wa Misri, na wanaopita wamebeba hazina ni wao, wazungu wa kofia na buti, wanatoa vitu kaburini wanaondoka navyo. Ushindi ni wa nani pale? Nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha nikarudisha nyuma. Kumbuka nilivyosema kuhusu Mariette, mwenye hadithi alikuwa mfukuaji, kwa hiyo wazo la Mayer halikutoka hewani, liko ndani ya asili ya opera yenyewe. Na ukiwa umetoka nchi ambayo vitu vya mababu vimefungiwa kwenye kabati za vioo huko Berlin na London, kile kipande kinakugusa mahali ambapo sanamu za dhahabu za Frisell hazifiki.

Lakini, na hii ndo lawama yangu kwake, anaishia hapo hapo. Baada ya maandamano wale watafiti hawana kazi tena ya maana, na wale wahusika ndani ya hadithi wanaendelea kuimba kama walivyoimba miaka ya nyuma, wanasimama, wananyoosha mikono. Kafungua mlango mkubwa kisha hakuingia. Ukiniambia nichague kwa wazo, wazo lake ni bora kuliko la Frisell, ukiniambia nichague kwa jinsi wazo lilivyofanyiwa kazi mpaka mwisho, Frisell anamzidi.

Kinacholibeba toleo jipya ni Angel Blue, na hapa naomba nikae kidogo. Angel Blue ni soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, Mmarekani mweusi. Julai 2022 alikuwa aende Arena di Verona, Italia, kuimba La traviata, opera nyingine ya Verdi. Wakati huo huo pale Arena walikuwa wanacheza Aida ya mwongozaji Zeffirelli ya mwaka 2002, na soprano mweupe aliyekuwa Aida, Anna Netrebko, alipakwa rangi nyeusi usoni na mikononi. Angel Blue akaandika hadharani kwamba haendi, akajitoa, akaikosa Verona yake. Uamuzi wa namna hiyo kwa mwimbaji ni mzito, nyumba kama ile haikuiti kila mwaka. Miaka miwili na nusu baadaye Met wanafungua Aida mpya na anayesimama katikati ni yeye, na uso wake mwenyewe. Sisemi Aida lazima aimbwe na mtu mweusi, sauti ni sauti, ila nasema kuna kitu kinatulia moyoni ukimwona. Kabla yake alikuwepo Leontyne Price, wa Mississippi, aliyeagana na jukwaa la opera pale pale Met tarehe 3 Januari 1985 kwa Aida hii hii, ikaoneshwa laivu kwenye televisheni, na baada ya wimbo wa "O patria mia" ukumbi ukapiga makofi dakika nzima na nyingine na nyingine, yeye kasimama tu hatikisiki, machozi yanataka kumtoka anayazuia. Kipande hicho tafuta ukitazame hata kama huna mpango na opera nzima.

Na hiyo "O patria mia" ndo mahali pa kupimia Aida yeyote. Ni tendo la tatu, usiku, mto, filimbi na obo zinapiga kitu kama mtu anayelia mbali, na Aida anaimba kwamba nchi yake hataiona tena. Karibu na mwisho kuna nota ya juu sana ambayo Verdi anaitaka kwa utamu, siyo kwa kupiga kelele, sauti ipande polepole kama inapanda ngazi kwa vidole. Wengi wanaifikia kwa nguvu, wanaipiga, wanashuka. Angel Blue anaifikia kwa upole. Mtu yeyote aliyewahi kukaa nchi ya watu miaka na miaka, awe Muscat au Minneapolis, akiisikia pale hahitaji tafsiri.

La tatu ni la Robert Carsen, Royal Opera House, London, Septemba 2022, Antonio Pappano akiongoza okestra. Hapa Misri imefutwa yote. Hakuna piramidi, hakuna ndege wa ukutani, hakuna dhahabu. Ni nchi ya kijeshi ya leo isiyo na jina, kuta za zege, sare za kijani, bendera kubwa, kiongozi anayeshangiliwa, kila mtu anapiga saluti. Jukwaa la Miriam Buether ni kijivu mpaka unatamani dirisha. Wa mara ya kwanza anaweza kuuliza Firauni yuko wapi, na maneno wanayoimba yanataja Isis na Phtha, miungu ya Misri ya kale, wakati mbele yako kuna majenerali, inabidi uzoee.

Ukizoea, hii ndo inayouma kuliko zote. Maandamano ya ushindi: hakuna hazina, hakuna farasi, kuna askari wanaopita kwa hatua moja, kuna majeneza yaliyofunikwa bendera, kuna video ya makombora na ndege za vita, na muziki ni ule ule wa furaha, ule ule wa mpirani. Mara ghafla unausikia ulivyo kweli, ni muziki wa serikali. Verdi aliwatungia makuhani maneno makali, wao ndo wanaodai mateka wauawe, wao ndo wanaohukumu, na Carsen kakisikiliza hicho badala ya kusikiliza matarumbeta peke yake. Na kaburi lake ni ghala la makombora chini ya ardhi. Aida na Radamès wanakufa wamezungukwa na silaha zile zile alizokwenda kushinda nazo. Niliogopa itakuwa ni ubunifu wa kulazimisha, nikaona inakubali kabisa, kwa sababu giza lipo, ukimya upo, na wale wawili wako karibu karibu kama Verdi alivyotaka.

Waimbaji wa London: Elena Stikhina ni Aida, Francesco Meli Radamès, Agnieszka Rehlis Amneris, na Ludovic Tézier ni Amonasro, baba. Huyu Tézier nampenda sana, kwenye tendo la tatu anapomgeukia mwanae na kumwambia wewe si mwanangu, wewe ni mtumwa wa Mafirauni, anaisema kama mzazi anayejua kabisa anachokifanya na bado anakifanya.

La nne nitalipitia kwa haraka, ingawa kwa wazo ni la ujasiri kuliko yote, Opéra ya Paris, Februari 2021, wakati wa korona, ukumbi mtupu, likarushwa na Arte, kituo cha televisheni cha Ulaya. Mwongozaji ni Lotte de Beer. Aida ni kikaragosi kikubwa kinachoshikwa na watu watatu, na Sondra Radvanovsky anaimba pembeni yake kavaa nyeusi, vivyo hivyo Amonasro, Tézier huyo huyo. Mandhari ni makumbusho ya Ulaya ya karne ya 19, na Wahabeshi ni vitu vilivyoletwa humo vikawekwa kwenye vioo. Msanii aliyechangia sura ya vikaragosi ni Virginia Chihota wa Zimbabwe. Maandamano ya ushindi yamegeuzwa michoro maarufu inayoigizwa na watu, pamoja na ile picha ya Wamarekani wakisimika bendera kisiwani Iwo Jima katika Vita vya Pili vya Dunia. Yaani Mayer aligusa habari ya uporaji kwa kidole, de Beer aliingia mzima mzima karibu miaka minne kabla yake. Shida ni moja tu, ila ni kubwa. Wanapoimbiana mapenzi na macho yako yanakwenda kwa kikaragosi wakati sauti inatoka kwa mtu aliyesimama hatua mbili pembeni, moyo unagawanyika, na Aida ni opera isiyotaka moyo ugawanyike. Nimeimaliza nimeiheshimu, sikulia. Sababu nzuri ya kuitafuta ni Jonas Kaufmann kwenye "Celeste Aida", wimbo wa mwanzo kabisa wa Radamès, Verdi aliandika nota ya mwisho ififie mpaka ipotee, karibu matena wote, wale waimbaji wa sauti ya juu ya kiume, wanaipiga kwa nguvu ili washangiliwe, Kaufmann anaififisha kweli.

Verona siiweki kwenye ulinganisho huu. Ile ni ya kwenda mwenyewe, uwanja wa Warumi wa kale, nyota juu, wamecheza Aida pale tangu 1913, kwenye skrini inapoteza zaidi ya nusu.

Kwa hiyo binamu, na wengine mnaouliza, jibu langu linategemea wewe ni nani. Kama hujawahi kuona opera yoyote na una jioni moja, chukua ile ya Frisell, na kati ya rekodi zake chukua ya 1989 yenye Aprile Millo (Aida), Plácido Domingo (Radamès) na Dolora Zajick (Amneris), picha ni ya zamani kidogo ila sauti hazina mfano, au ile ya 2018 kwa ajili ya Amneris tu, Anita Rachvelishvili wa Georgia, maana Radamès wa siku hiyo hanikoshi. Met wana huduma yao ya kulipia mtandaoni na rekodi zao nyingi ziko humo, maandishi ya Kiingereza yapo, ya Kiswahili hakuna.

Kama hadithi unaijua, au kama wewe ni mtu wa kufuatilia habari za vita na umechoka kuona watu wanashangilia, nenda moja kwa moja kwa Carsen, imetoka kwenye DVD. Hii ndo ningempa mtu anayeniambia opera ni mapambo tu. Toleo jipya la Met, lile lililorushwa kwenye majumba ya sinema Januari 2025, mfuate Angel Blue na yale maandamano ya wafukuaji, lakini liwe la pili, sio la kwanza, kwa sababu wazo lake lina maana zaidi kwa mtu aliyeiona Misri ya dhahabu ya zamani akajua kinachokosolewa ni nini. Paris ni ya mwisho, baada ya hizo tatu.

Na ukichagua vibaya usife moyo. Mwaka 1872 kuna Mwitaliano, Prospero Bertani, alisafiri kwenda Parma kuiona Aida, haikumpendeza, akarudi akaiona tena ahakikishe, haikumpendeza tena, akamwandikia Verdi barua ya kudai nauli, tiketi na hela ya chakula cha usiku. Verdi akaagiza alipwe lira 27.80, chakula akakikataa, kwamba angeweza kula kwake, na akamtaka aandike ahadi ya kutokwenda tena kuona opera zake mpya.

Muziki wote ni karibu saa mbili na nusu, siyo lazima umeze kwa mara moja. Gawa. Tendo la kwanza na la pili Jumamosi, la tatu na la nne Jumapili, na hayo mawili ya mwisho usiyaangalie kwenye simu huku unapika, vaa hedifoni. Kuna mahali kwenye tendo la nne, kesi ya Radamès, huioni kabisa. Imefanyika chini, ndani, nyuma ya jukwaa. Mbele yupo Amneris peke yake, yule aliyemsababishia yote kwa wivu, na unasikia sauti ya kuhani mkuu kutoka chini ikimwita Radamès, ikimtajia kosa, ikimwambia ajitetee. Ngoma. Kimya. Hajibu. Inamwita mara ya pili, hajibu. Mara ya tatu. Kila mara Verdi anapandisha ile sauti kidogo kuliko mara iliyopita, na Amneris anazidi kusogea kwenye mlango ambao hawezi kuufungua. Linganisha pale pale, dakika zile zile, Zajick wa 1989 na Rehlis wa London, kisha uniandikie ni yupi aliyekushika.